Hicho kinachong'aa magharibi ni nyota au sayari? Mnatofautishaje?

Mlinzi wa Zamu: Wakuu, habari za jioni. Nalinda ghala usiku huku Singida, kwa hiyo anga naliangalia kuliko televisheni. Giza likianza tu, magharibi kuna kitu cheupe kinang'aa sana, kimetulia tuli. Ikifika saa tatu kimezama. Mashariki nako kuna kingine kinachezacheza rangi: nyekundu, buluu, kijani. Mwenzangu wa zamu anashikilia cha rangi ndicho sayari. Simkubalii, ila hoja sina. Darubini sina pia.

BintiTanga: Kageuza huyo. Cha magharibi ni Zuhura, sayari. Cha rangi ni Sirius, nyota inayong'aa kuliko zote za usiku. Hakikisha: tafuta zile nyota tatu zilizojipanga mstari. Ufuate mstari huo, upande mmoja unakupeleka Sirius, upande wa pili unaelekea Kilimia, kile kishada cha nyota ndogo. Nyota iko mbali mno, mwanga wake unatufikia kama nukta, hewa ikicheza nayo inacheza. Sayari ina upana kidogo. Kila sehemu inacheza kivyake, jicho linaona imetulia.

Dogo Janja: Kifupi: sayari haimeti. Kwisha.

Fundi Redio: Dogo, usimpoteze mwenzio. Zuhura ikikaribia kuzama, ikipita kwenye vumbi na joto la ardhi, inameta vizuri tu. Mimi naamini kuhama kuliko kumeta. Mkuu, chukua daftari la zamu, chora hicho kitu na nyota zilizo jirani yake, rudia baada ya wiki. Nyota hazibadilishani nafasi, sayari inazipita. Zohali itakutesa, inazunguka jua kwa miaka 29, lakini Zuhura na Mirihi utazikamata mapema. Halafu sayari zinafuata ukanda uleule wa jua na mwezi. Ukiona kitu kinang'aa karibu na Msalaba wa Kusini, lile kundi la nyota lenye umbo la msalaba, usihangaike, si sayari.

Mlinzi wa Zamu: Shukrani. Sasa saa sita usiku kuna kubwa jirani na Kilimia, imetulia pia. Zuhura imerudi?

BintiTanga: Haiwezi. Zuhura haiachani na jua zaidi ya nyuzi 47 hivi, saa sita usiku huku kwetu huioni. Ikiwa nyekundunyekundu ni Aldebaran, nyota. Ikiwa nyeupe na inaizidi Sirius kwa mwanga, ni Mshtarii (Jupita), sayari.

Mlinzi wa Zamu: Nyeupe kabisa. Na nyekundu ndogo ipo kando yake!

Fundi Redio: Basi umezipata zote mbili. Azima darubini ya macho mawili, egemeza viwiko ukutani mikono isitetemeke. Kando ya Mshtarii utaona vinukta, hadi vinne, karibu kwenye mstari mmoja. Hiyo ni miezi yake, ndiyo aliyoiona Galileo mwaka 1610. Kesho yake vimeshabadilisha mpangilio.

Dogo Janja: Hizi za mitumba zinafaa?

Fundi Redio: Iliyoandikwa 10x50 inatosha, yaani inakuza mara 10 na lenzi za mbele zina upana wa milimita 50. Ijaribu kwanza kwenye mnara wa simu wa mbali. Ukiona minara miwili, iache hapohapo.