Naomba ushauri: msibani wanachanga, mashine ya kusaga hawachangi

Ndugu zangu, hamjambo. Niko Busia, upande wa Uganda. Tuko akina mama kumi na wawili, tunataka kununua mashine ya kusaga mahindi, na mweka hazina ni mimi. Nimefungua kundi la WhatsApp, nikaweka namba ya kupokelea pesa. Wiki tatu sasa tuna shilingi 85,000, na 50,000 ni za shemeji yangu.

Jirani alipofiwa mwezi jana, watu walewale walituma usiku huohuo. Kule majina husomwa kwa sauti pamoja na kiasi. Nani atakubali lake lirukwe?

Kiva, shirika la kukopeshana kupitia mtandao, ilianza mwaka 2005 kwa kukopesha wafanyabiashara wadogo wa Tororo, hapa jirani tu, na waliotoa hawakuwahi hata kukutana nao. Lakini ule ulikuwa mkopo, pesa inarudi. Je, nasi tukope badala ya kuomba? Au nibandike majina ya waliotoa kila jioni? Naogopa kuaibisha watu, hasa wazee.

Mliowahi kuchangia kitu kisicho msiba wala harusi, ni nini hasa kiliwasukuma mkatoa?