Tupeane uzoefu: uliambiwa kontena litabeba ngapi, na ziliingia ngapi kweli?

Mama Hotipoti, Kariakoo
Wakuu, habari za kazi. Nauza vyombo kwa jumla, na leo naomba tuongelee hesabu ya kontena. Naona wenzetu wengi wanatumiwa CBM (mita za ujazo) za kontena kwa simu, wanagawa kwa CBM ya katoni moja, wanalipa palepale.

Naanza mimi. Kontena langu la kwanza la peke yangu lilikuwa futi 40 ile ya kimo kirefu, haikyubu, CBM 76, la hotipoti kutoka Guangzhou. Katoni moja sm 60 kwa 45 kwa 40, yaani CBM 0.108. Nikagawa, nikapata 703. Nikalipia 700, nikalala fofofo.

Siku ya kupakia nikaomba video. Ndani ya kontena hilo ni mita 12.03 kwa 2.35 kwa 2.69. Vijana wakalaza katoni: tano kwa upana, 20 kwenda ndani, sita kwenda juu. Hizo ni 600, basi! Juu imebaki sm 29, na upande mfupi kabisa wa katoni yangu ni 40. Hewa tupu, na nauli nimeilipia. Msimamizi wao, Mungu ambariki, akaagiza safu moja isimamishwe, ikae sm 60 kwenda juu, ili kwenda ndani zipatikane 30 badala ya 20. Safu moja ya kusimama na tano za kulala ni sm 260, kwa hesabu 650.

Ila katoni ikishajazwa na kupigwa gundi inavimba tumbo. Nusu sentimita tu, lakini mara 20 ni sm 10, na kwenda ndani nafasi iliyobaki ilikuwa sm 3. Mlango ulifungwa na katoni 632. Zile 68 zikabaki ghalani, nikazileta baadaye kwa kuchangia kontena la watu, na faida yake yote ikaliwa na nauli.

Karibuni, na wewe lilikukuta lipi?

Muuza Vigae, Tegeta
Dada, yako ilikuwa nafasi, yangu ilikuwa uzito. Futi 20, vigae vya 60 kwa 60, katoni ya vipande vinne. Kwa ujazo nilipata katoni zaidi ya 2,000. Muuzaji akaniambia 900. Nikambishia siku mbili nzima, nikiamini ananipunja. Kumbe katoni moja ni kama kilo 30, kwa hiyo 900 ni tani 27, na mlangoni pa kontena pameandikwa mwisho kilo 30,480 pamoja na kontena lenyewe, ambalo likiwa tupu ni kama kilo 2,200.

Tulipolifungua, mke wangu alishika kichwa. Vigae vimefika kiunoni, juu kweupe mpaka darini. Akasema tumeibiwa. Tukahesabu wote wawili, katoni kwa katoni, mpaka magharibi. Zilitimia 900.

Karani wa Forodha
Mkuu hapo juu amesema kweli. Tena tangu tarehe 1 Julai 2016 kontena haliruhusiwi kupandishwa melini bila uzito uliothibitishwa. Ukidanganya kilo huko, gharama unazikuta wewe.

Mtu wa Mtumba, Ilala
Belo za kilo 45, futi 40 haikyubu, napata 550. Zimeshindiliwa kwa mashine, hazina hewa. Sina la kulalamika.

Dada wa Fenicha, Keko
Mimi niliponzwa na mlango. Makabati ya vioo ya dukani, kila moja limefungwa mbao, kimo mita 2.32. Futi 20 ndani ni 2.39, nikaona yanapita. Sikujua mlango wake ni 2.28! Kuyalaza haiwezekani, vioo vinapasuka. Nikalipia haikyubu, mlango wake 2.58, kwa mzigo usiojaza hata nusu. Hadi leo nikiulizia kontena naanza na kimo cha mlango.

Kijana wa Viatu
Shikamoo dada Hotipoti. Ndiyo naanza. Katoni zangu ni sm 58 kwa 38 kwa 33, kontena futi 20. Wakala ananiambia 450. Nilipie?

Mama Hotipoti, Kariakoo
Marahaba mdogo wangu. Usilipe kwanza. Kwanza vipimo hivyo ni vya katoni tupu au iliyojazwa?

Kijana wa Viatu
Nimempigia sasa hivi. Ni tupu.

Mama Hotipoti, Kariakoo
Basi kila upande ongeza nusu sentimita. Ndani ni sm 590 kwa 235 kwa 239. Kwenda ndani 58.5 mara 10 ni 585, inakaa. Upana 38.5 mara sita ni 231, inakaa. Juu 33.5 mara saba ni 234.5, inakaa. Jumla 420. Sasa angalia alichosema dada wa Keko: mlango ni 228, kwa hiyo mstari wa mwisho ule wa mlangoni hauwezi kupokea safu ya saba. Toa sita. Uzito nao muulize, ingawa viatu havikusumbui. Mwambie utalipia 414, na umpe mchoro.

Kijana wa Viatu
Nimemtumia mchoro. Amekaa kimya kidogo, halafu ameandika: "Sawa, 414."