Nyumba ya Tippu Tip, Shangani: niwaonyeshe nini wanafunzi wangu?

Maalim wa Wete ameuliza:

Assalaamu alaykum. Mwezi ujao ninavuka na wanafunzi wangu kutoka Pemba, na nimekusudia tuanzie Shangani, katika Mji Mkongwe wa Unguja, mbele ya nyumba ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye wengi tunamjua kwa lakabu ya Tippu Tip. Safari iliyopita wanafunzi waliupiga picha mlango, wakazisifu nakshi zake, wakaondoka wakidhani mwenye nyumba alikuwa tajiri kama matajiri wengine. Jambo hilo linanikera hadi leo. Je, niwaonyeshe nini hapo na katika mitaa ya jirani, ili waione nyumba pamoja na kilichoijenga?

Mtembeza Wageni amejibu:

Wa alaykumu ssalaam, Maalim. Usiwalaumu wanafunzi, kwani mlango ule humteka hata mtu mzima. Mimi huanza na huo huo mlango, kisha huwauliza wageni fedha ya kumlipa mchongaji ilitoka wapi. Ilitoka bara, katika misafara ya pembe za ndovu na watumwa iliyofika hadi Manyema na Kongo, ambako mwaka 1887 bwana huyu alikubali kuwa gavana wa Stanley Falls, Kisangani ya leo, kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Baadaye alirejea Unguja, akayaandika maisha yake kwa Kiswahili, na akafariki hapa mjini mwaka 1905.

Hapo usikae sana. Wapeleke Mkunazini, mwendo usiofika nusu saa hata kwa mvivu, kwenye kanisa kuu la Kianglikana lililojengwa palipokuwa na soko la watumwa, ambalo Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, alilifunga mwaka 1873 kwa kushinikizwa na Waingereza. Lakini waeleze pia kwamba kufungwa kwa soko hakukuwapa uhuru waliokwisha kununuliwa. Waliendelea kutumikishwa katika mashamba ya karafuu, ya huku na ya kwenu Pemba, na amri ya kuufuta utumwa kisheria haikutoka hadi mwaka 1897. Nadhani wanafunzi wako, waliokulia chini ya mikarafuu, watalielewa hilo upesi kuliko wageni wangu.

Fundi Chokaa amejibu:

Nakubaliana na ndugu yangu, ila naomba asiwaharakishe watoto kuondoka Shangani. Waonyeshe kuta. Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Ndiyo maana vyumba vingi ni virefu lakini vyembamba, kwa kuwa upana wa chumba hufuata urefu wa boriti. Waonyeshe na mahali palipozibwa kwa saruji. Chokaa huuacha ukuta upumue, ilhali saruji huyafungia maji ndani, boriti zikaoza vichwani bila ya mtu kuona. Niliwahi kuitwa Kiponda kwenye nyumba iliyopigwa lipu ya saruji ikapendeza kweli kweli, na nilipochokonoa kichwa cha boriti kwa bisibisi, kilimomonyoka kama mkate wa juzi.

Mkaazi wa Shangani amejibu:

Maalim, karibu, lakini piga hodi kwanza. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi za matajiri zilitaifishwa na kugaiwa familia za kawaida, na hiyo ya Tippu Tip nayo kwa miaka mingi ilikaliwa na familia kadhaa. Watoto waliozaliwa humo nao wana historia yao, ingawa hakuna anayesimama mlangoni kuisimulia. Tena vichochoro vyetu ni vyembamba. Darasa zima likisimama, mwenye kikapu cha samaki hapiti. Wagawe makundi mawili, na wazee walioketi barazani uwasalimie kabla ya kutoa simu ya kupigia picha.

Maalim wa Wete amejibu:

Nimewafahamu nyote, ahsanteni. Tutaanzia Mkunazini asubuhi, kisha twende Shangani, ili wafike mlangoni wakiwa wamekwisha kuliona soko. Fundi, kama utakuwa na kazi karibu siku hiyo, ningependa washike chokaa kwa mikono yao.