Viambishi -bam, -bō na -vī vya Kilatini: kipi kinarudi hadi Proto-Italiki?

nyota_mbele: Wadau wa isimu linganishi, naunda upya vitenzi vya Proto-Italiki, lugha mama ya Kilatini na ndugu zake wa Italia ya kale, nikianzia Kilatini (nyota * ni umbo la kukisiwa, lisiloandikwa popote). Nimeandika *-fām (amābam, "nilikuwa nikipenda"), *-fō (amābō, "nitapenda"), *-wai (amāvī, "nilipenda"), na kwa fēcī, "nilitengeneza", nimeweka *fēkai. Vinasimama?

shina_tupu: Cha kwanza kinasimama. Hiyo b ya katikati ya neno inatokana na f, na Kioski, lugha ndugu ya Kilatini, kina fufans, "walikuwa", kwenye jiwe la maandishi la Abella: -fa- ileile.

*-fō kitoe. Kweli kikombe cha Falerii, mji wa Wafaliski, karne ya 4 KK, kina pipafo "nitakunywa" na carefo "nitakosa", lakini Kifaliski na Kilatini ni tawi moja, kwa hiyo hao ni shahidi mmoja. Kioski kinasema deivast "ataapa", Kiumbria, ndugu wa karibu wa Kioski, ferest "atabeba", vyote kwa -s-. Ni sawa na mtu aipeleke -ta- yetu hadi Mame-Bantu (lugha mama ya Kibantu), wakati "atakayekuja" bado inaonyesha kuwa ni kitenzi taka kilichosinyaa.

-vī nayo ni ya Kilatini. Kioski kina -tt- mahali pake: prúfatted, "aliidhinisha".

konsonanti_pacha: Kwenye *fēkai umekimbia. Pini ya dhahabu ya Praeneste, karne ya 7 KK, ina fhefhaked, "alitengeneza", yenye uradidi (silabi ya mwanzo imerudiwa), na Kioski kina fefacust, "atakuwa ametengeneza". Kwa hiyo *fefak- ni ya zamani. *fēk- pia ni ya zamani (linganisha Kigiriki éthēka). Weka mashina yote mawili. Kilatini kilibaki na la pili.

Halafu acha kuanzia nafsi ya kwanza. Kilatini -ī inatoka -ai, ila Kioski kina manafum, "nilikabidhi", kwa -um, hazioani. Anzia nafsi ya tatu, na usiandike -t kila mahali: wakati uliopo ni *-ti, uliopita ni *-d, ndiyo maana chombo cha Duenos, chenye maandishi ya Kilatini cha kale, kina feced, "alitengeneza". Fēcit ya baadaye imeazima -t ya wakati uliopo. Ukiirudisha nyuma hivyo hivyo, unafuta tofauti ambayo Kioski bado kinayo. Katika wingi uliopita weka *-nd; -ns ya fufans ni ya tawi la Kioski.

nyota_mbele: Na amārem, "ningependa"?

shina_tupu: *-sē-, bila wasiwasi. Kioski fusíd ni foret ya Kilatini, "angekuwa", herufi kwa herufi: s kati ya irabu iligeuka r Roma, Kioski hakikuigeuza hivyo.