Yaya (dada yangu mkubwa) anaumwa miezi nane, vipimo vyote havionyeshi kitu

Mdogo_wa_Kadutu: Wapendwa, naomba ushauri. Yaya yangu ana miaka 38, tuko hapa Bukavu. Tangu kibanda chake cha vitenge kiungue Kadutu, tumbo linamwaka, mguu unakufa ganzi, na anasema kuna kitu kinamtembea mgongoni. Ekografi (picha za ultrasound) tatu, damu, choo, hadi kamera ya tumboni: hakuna kitu. Munganga (daktari) wa mwisho alimwambia, "Mama, huumwi wewe." Alilia njia nzima. Jirani akasema ni karuho, ile sumu watu wanasema mtu hulishwa kwa siri. Tukampeleka kwa mzee mmoja, akamtapisha, akatuonyesha kinyama kwenye beseni. Dola 40! Siku ya nne maumivu yakarudi.

Muuguzi_Mstaafu: Pole, mdogo wangu. Yaya anaumwa kweli, asifanywe mwongo. Hofu ikikaa sana, ubongo unakuwa kama mlinzi wa usiku aliyeshtuka: tumbo likinguruma kidogo tu, anapiga filimbi. Sisi tulisoma kwa jina la somatofomu. Tangu 2013 mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani hausisitizi tena kwamba vipimo viwe safi. Wanaangalia dalili zinavyomtawala mtu mawazo na siku zake, kwa kawaida zaidi ya miezi 6.

Chagueni munganga mmoja amwone kwa tarehe zilizopangwa, hata siku haumwi. Kurudia ekografi kunamtuliza siku mbili tu. Halafu tiba ya mazungumzo. Daktari anaweza kuongeza dawa ya sonona, msinunue wenyewe. Na kutapishwa mwache kabisa! Ila akikonda, akipata choo cheusi au mguu ukilegea, hospitali haraka.

Baba_Neema: Kwa wa akili ndiyo SOSAME hiyo, hospitali ya wagonjwa wa akili hapa Bukavu? Majirani watasema nini?

Mama_wa_Panzi: Baba Neema, mimi nilienda. Mwaka mzima nilihisi kidonge kimekwama kooni. Hakuna aliyeniita kichaa. Nilipewa daftari niandike saa inapobana na nilikuwa nafanya nini. Kumbe ni Jumapili jioni, saa ambayo mume wangu alikuwa anapiga simu kutoka Kamituga, kabla hajanyamaza. Bado inarudi mara mojamoja, lakini bugali inapita.

Mdogo_wa_Kadutu: Asanteni. Jana nilimuuliza yaya tumbo linawaka saa ngapi hasa. Alinyamaza, akakunjakunja kitenge, akasema: "Jioni, jirani akiwasha makaa."