Naomba ushauri: daraja la udi wa zamani limenyanyuka na uso umezama

Wakuu, habari zenu. Nina udi wa zamani wa taarab hapa Unguja, nyuzi 11, urefu wa uzi sentimita 61. Daraja (kipande cha mbao kilichobandikwa usoni, ambako nyuzi hufungwa) limenyanyuka upande wa nyuma, karatasi inapenya chini yake. Mbele ya daraja uso (ubao mwembamba wa mbele wa udi) umezama milimita 3, na ukigonga kwa kidole unasikia mtetemo mkavu. Bila shaka taruma moja la ndani (ufito unaouimarisha uso) limeachia.

Nyuzi nimeshazilegeza zote. Kinachonisumbua zaidi ni gundi. Fundi aliyetangulia alipaka gundi nyeupe ya seremala juu ya mabaki ya gundi ya ngozi (ile inayotengenezwa kwa ngozi za wanyama). Gundi nyeupe huteleza polepole ikivutwa na nyuzi muda wote, hasa kwenye joto, na gundi ya ngozi haishiki juu yake. Lazima itoke yote mpaka mbao ionekane. Siki ya uvuguvugu huilainisha, lakini uso wenyewe una unene wa milimita 2 tu, maji yakizidi utapinda.

Je, kuna aliyefaulu kubandika taruma kwa kupitia tundu kubwa la katikati, akilibana kwa kijiti kutoka ndani? Kubandua uso mzima nakuogopa: kingo hukatika, na shingo hubadili mwinamo.

Pia, kwa unyevu wa pwani, gundi ya ngozi iliyopashwa nyuzijoto 60 itadumu darajani, au nipunguze pia unene wa nyuzi?