Mteja kafumua kazi yangu huku Bangwe, saivi hataki kunilipa na mtaani anasema mi ndo nimeharibu

Wakuu habari za muda huu. Naandika nina hasira na sifichi. Mi seremala hapa Kigoma mwaka wa 17 huu, nimeanza na vitanda na makabati ya mninga pale Mwanga hadi nikafika kwenye kazi za nje, na sijawahi kutangazwa vibaya na mteja kama nilivyotangazwa wiki hii.

Mwezi wa sita jamaa kaniita Bangwe, nyumba iko kwenye mteremko inatazama ziwa. Anataka deki, yani sakafu ya mbao ya nje iliyoinuliwa, mbele ya sebule, mita 6 kwa 3.5, ngazi ya kushukia uani na reli pembeni ya kuzuia mtu asianguke. Mbao ni hizi za kompoziti, unga wa mbao umechanganywa na plastiki, kazitoa Dar kwa lori. Mwanzo alitaka ngazi ishuke hadi mchangani kabisa, nikamkatalia, sheria ya mazingira ya 2004 inasema mita 60 kutoka ziwani usijenge, na maji yalivyopanda 2020 na 2021 mtu wa mwambao hahitaji kuambiwa. Hilo akaelewa. Tukakubaliana ufundi 1,800,000, akanipa advansi nusu, vifaa ananunua mwenyewe.

Vurugu ikaanza kwenye fremu ya kubebea sakafu. Kompoziti haibebi mzigo yenyewe, inabebwa na mbao za chini, na hizo zikae sentimita 40 kutoka moja hadi nyingine, kwenye ngazi 30. Kwa mita 6 nikamwandikia mbao 16 za 2x6 (inchi 2 kwa 6) zilizotiwa dawa. Akaleta 11. Nikamwambia bosi hizi zitakaa sentimita 60, juu patabonyea, akasema mafundi mna tabia ya kutupiga. Nikasimamisha kazi siku mbili mpaka akaleta tano zilizobaki. Sasa juzi tunapiga hesabu ya mwisho naambiwa zile tano zinakatwa kwenye hela yangu ya ufundi!! Yani mbao zilizoshika nyumba yake nizilipie mimi?

Hilo ningelimeza. Ila sikilizeni la nafasi.

Mninga ukilowa unavimba upana, kila seremala anajua. Kompoziti ni kinyume, yenyewe jua likiwaka inarefuka, kwaiyo pale ubao unapokutana na mwenzake kichwa kwa kichwa lazima uache uwazi, mi niliacha milimita 5 maana tulikuwa tunafunga asubuhi kukiwa na ubaridi. Jamaa akaja akaangalia akasema hizi nafasi zimekaa kama mapengo, sizitaki kwangu. Nikamweleza taratibu kabisa, nikamwonyesha na karatasi iliyokuja na mzigo, akanyamaza nikajua kaelewa. Nikapata msiba Kasulu, nikaenda siku tatu. Narudi nakuta madogo wangu wa saidia fundi wameamrishwa wafungue wasogeze mbao zote zibanane, walipokataa akawaambia mwenye nyumba ni mimi au fundi wenu? Wakasogeza. Saa sita jua la mwezi wa saba limeshuka pale, mbao zimesukumana zikakosa pa kwenda zikanyanyuka katikati, klipu zinazoshika mbao zimeng'oka. Saivi anapiga picha anawatumia watu, "kazi ya fundi wa Mwanga hii".

Ngazi nilipiga hesabu kutoka sakafu ya deki hadi chini, sentimita 136, nikagawa kwa 8, kila kidato 17, nimepima na pima maji kimoja kimoja. Ngazi mguu wa mtu unaizoea kwenye vidato viwili vya kwanza, baada ya hapo unakwenda bila kuangalia, ndo maana vyote lazima vilingane. Nimeshamaliza, yeye kaita fundi taizi akamwaga zege pale chini akapanga na taizi, kimo kimepanda sentimita 6. Kidato cha mwisho kimebaki 11. Mama yake mzazi, bibi wa watu wa miaka sabini na kitu, anashuka usiku mguu umegonga chini kabla hajategemea, kaanguka kaumia kifundo. Nimeumia sana kuhusu yule bibi, nilienda kumwona na matunda, mwanae kanifukuza mbele ya wageni. Nilimwambia huyu mtu kabla, ukitaka taizi niambie mapema nipange vidato upya. Akasema hamna taizi.

Na hili la reli ndo limenifanya nifungue uzi. Niliweka kimo cha mita moja na fito za kusimama, uwazi chini ya sentimita 10, sababu kichwa cha mtoto kisipite. Huyu mteja ana wajukuu wawili, mmoja ndo kwanza anatembea. Akalalamika zinaziba ziwa. Jumapili nimepita nakuta kaita mchomeleaji, kakata fito moja inabaki moja inakatwa, uwazi saivi ngumi mbili zinapita pamoja. Pale upande wa ngazi ni mita moja na zaidi hadi kwenye taizi! Nimempigia simu mara nne azirudishe, nikasema hata bure nakuja kuzifunga mimi, hapokei. Nimempata mama mwenye nyumba kwa meseji, kajibu "nitamwambia baba".

Ananidai nimrudishie advansi. Mi namdai 900,000 iliyobaki. Jumamosi ananipeleka kwa mwenyekiti wa mtaa, na nitaenda, nina picha za kila hatua kwenye simu zina tarehe, ile ya futi ya kupimia ikisoma sentimita 17 kwenye kidato cha chini kabla ya zege ninayo, na madogo wote wawili wamekubali kusema.

Mkataba wa maandishi hatukuwa nao, tuna meseji tu za bei. Aliyewahi kusimama kwa mwenyekiti na meseji peke yake aniambie zilipokelewaje. Na kama kuna mtu humu anafahamiana na familia hiyo, tafadhali waambieni wamfungie mtoto mlango wa deki mpaka zile fito zirudi.